Daftari la Vifuniko

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yoyote inayouzwa dukani. Si kwamba haipo. Ni kwamba ramani zake zote zimetundikwa Ikulu, zinasubiri kumulikwa. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, namwomba radhi mapema. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne tu, na sina uwezo wa kubuni mambo makubwa.

Kiongozi wetu anaitwa Mwelekezi Mkuu. Zamani alikuwa akielekeza kwa fimbo. Alisimama mbele ya ramani ya taifa na kugonga: hapa shule, hapa daraja, hapa hospitali ya rufaa. Fimbo ilikuwa fupi, kwa hiyo mikoa ya kaskazini, iliyokuwa juu ya ramani, haikupata maendeleo kwa miaka kumi na moja. Hakuna aliyelaumiwa. Hata watu wa kaskazini wenyewe walikubali kwamba wako juu mno.

Fimbo ilikuwa na utaratibu wake. Ikiinuliwa, hotuba imeanza. Ikishushwa, hotuba imekwisha, watu wanapiga makofi, bendi inapiga wimbo wa taifa, na baada ya wimbo wa taifa hakuna mtu anayeruhusiwa kusema jambo lolote la kiserikali mpaka kesho yake. Aliyesimamia utaratibu huo alikuwa Bwana Mabruki, Mkuu wa Itifaki, mtu mrefu, mpole, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kumtazama Mwelekezi Mkuu usoni. Alitazama fimbo tu.

Kisha Mwelekezi Mkuu akaenda kwenye mkutano nchi za nje, akarudi na mfuko wa zawadi ambao kila mjumbe alipewa. Ndani yake mlikuwa na fulana, chupa ya maji, na kitu cheusi chembamba, urefu wa kidole cha kati, chenye kitufe. Ukikibonyeza, nukta nyekundu inatokea ukutani hata kama umekaa mbali. Wenye maduka ya simu walikiita leza na walikuwa nacho kwenye boksi. Serikali ilikiita Mwanga wa Taifa, ikakipa namba ya usajili, mto wa hariri na askari wanne.

Fimbo ilipelekwa makumbusho. Kaskazini ilipata hospitali tatu za rufaa kwa wiki moja, zote kwenye kiwanja kimoja, kwa kuwa wiki hiyo mkono wa Mwelekezi Mkuu ulikuwa umetulia sana.

Ikapitishwa Sheria ya Nukta: popote nukta ilipogusa ramani, katibu wa kikao aandike, na kilichoandikwa kitekelezwe. Siku moja Mwelekezi Mkuu alipiga chafya katikati ya kikao. Nukta ikaruka kutoka kwenye wilaya moja ya wakulima wa dengu ikatua katikati ya ziwa. Katibu akaandika. Mkuu wa wilaya akahamishia meza yake ziwani, juu ya mapipa yaliyofungwa pamoja, na kwa miezi minne alituma taarifa kwamba hali ni shwari, wananchi ni wengi, na wote wanajua kuogelea.

*

Sasa, wale waliokitengeneza kile kitu huko walikotoka walikuwa watu waoga. Walikiwekea ulinzi wa namna tatu. Kwanza, kilijizima chenyewe kila baada ya nusu dakika, ili mtu asije akakisahau kikiwaka kikamwingia mwenzake machoni. Pili, ndani yake waliupunguza mwanga makali. Tatu, walibandika kikaratasi cha njano chenye picha ya jicho na maneno ya kigeni. Iliundwa kamati ya kutafsiri kikaratasi hicho. Baada ya wiki tatu kamati ilitoa tafsiri rasmi: "Serikali inakuona."

Siku Mwanga wa Taifa ulipotumika kwa mara ya kwanza uwanjani, tulikuwapo wote, maana kutokuwapo kulihitaji cheti cha daktari. Saa tatu asubuhi Mwelekezi Mkuu akasimama, akamulika ramani kubwa ya turubai, akaanza kwa ile sauti yake ya kutembea polepole:

"Ndugu wananchi wenzangu. Kabla sijasema kile nilichokuja kusema, ningependa kwanza niseme kwamba..."

Nukta ikazimika.

Bwana Mabruki alikuwa akitazama nukta kama alivyozoea kutazama fimbo. Akaona haipo. Akaruka juu, akapiga makofi. Mawaziri wakamwona Mkuu wa Itifaki anapiga makofi, wakapiga. Uwanja mzima ukapiga. Bendi ikaingia na wimbo wa taifa. Mwelekezi Mkuu akaweka mkono kifuani, maana wimbo wa taifa hauna mdogo wala mkubwa, na wimbo ulipokwisha, hotuba ikawa imekwisha kisheria. Ilikuwa saa tatu na dakika nne.

Hakuna aliyethubutu kusema kwamba Mkuu wa Itifaki amekosea, kwa sababu katika nchi yetu mtu wa cheo kile hakosei. Ilikuwa rahisi zaidi kurekebisha sheria. Wiki ile ile Gazeti la Serikali likachapisha: "Mwanga ukizimika, hotuba imekwisha."

Mwaka mmoja na nusu uliofuata ulikuwa mzuri kuliko yote ninayoikumbuka. Zamani mkutano wa hadhara ulianza saa tatu ukaisha saa kumi, na watu wawili watatu walibebwa kwa machela. Sasa uliisha kabla jua halijapata nguvu. Walimu walirudi madarasani. Dengu ilivunwa yote. Jirani yangu Bi Sikitu, aliyekuwa akikaanga maandazi, alisema, "Zamani nikitoka kumsikiliza huyu mzee nakuta unga umechacha mpaka unanuka. Siku hizi narudi hata haujaumuka. Mungu ampe maisha marefu na sentensi hiyo hiyo moja."

Mwenyewe Mwelekezi Mkuu mwanzoni alifurahi. Hakuwahi kupigiwa makofi haraka namna ile. Lakini alikuwa na hotuba ya kurasa mia mbili na kumi na mbili kwa ajili ya Jubilei ya miaka ishirini na mitano ya uongozi wake. Ilikuwa na sehemu tatu: Tulikotoka, Tulipo na Tuendako. Akaijaribu kwenye mikutano ya mikoani. Mwaka ukapita, nusu mwaka ukapita, na taifa lilikuwa bado halijatoka tulikotoka.

Ndipo akaamuru Mwanga wa Taifa uvuliwe ulinzi wote. "Uwake mpaka nichoke mimi," alisema, "na uwe mkali, uonekane juani." Alipata nusu dakika kamili ya kuyasema hayo, na hayo ndiyo maneno pekee aliyoyamaliza tangu fimbo ipelekwe makumbusho.

*

Mume wangu aliitwa Hemedi Shekalaghe, na watu walimwita Fundi. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, rimoti, pasi na tochi nyuma ya soko. Hakuwa mtu wa maneno. Redio ikitoka kwake ilitoka na skrubu zake zote nne, hata kama iliingia na mbili.

Ujanani alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Ile mashine ilikuwa na kifuniko cha chuma juu ya mkanda. Kifuniko kilifunguliwa ili kazi iende upesi, na mkanda ukamnyang'anya vidole viwili rafiki yake, Athumani. Hemedi alikichukua kile kifuniko akakitundika kwenye ukuta wa kibanda kama wengine wanavyotundika picha ya baba yao. Athumani alikuja kila Ijumaa, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai. Hawakuwa wakizungumza sana.

Kwa sababu hiyo Hemedi alikuwa na daftari ambalo mafundi wengine walilicheka. Mteja akija akisema, "Fundi, niondolee hii waya ya ardhi, inanisumbua," au, "Fundi, ng'oa hiki kikinga cha feni, hewa haiji," Hemedi alisema sawa, akamfungulia daftari. Lilikuwa na safu nne, nilizozipiga mstari mimi mwenyewe kwa rula, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma: Jina. Kifuniko. Kidole au jicho unalotoa. Sahihi.

"Kidole cha nini tena, Fundi?"

"Kila kifuniko unachokiona, kuna mtu alilia kwanza," alijibu. "Mimi nafungua. Wewe andika tu safari hii atalia nani."

Mteja alicheka, kisha akatazama vidole vyake, kisha akasema basi, acha ibaki. Kwa miaka yote ile hakuna aliyejaza. Nakumbuka siku nilipopiga ile mistari aliniambia nianzie ukurasa wa pili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umegandishwa kwa gundi kwenye jalada la gazeti. Nilidhani umechanika, sikuuliza.

Bwana Mabruki aliteremka kibandani kwetu wiki sita kabla ya Jubilei, na askari wanne, na mto wa hariri.

"Fundi," akasema, "serikali inataka chombo hiki kivuliwe ulinzi wote."

"Wote?"

"Wote. Ule wa kuzimika, ule wa kupunguza makali, na kikaratasi. Kikaratasi nimeanza kukibandua mwenyewe kwa kucha," akaongeza kwa fahari kidogo, akamwonyesha kucha.

Hemedi akageuzageuza kile chombo, akakiandika kwenye kitabu cha mapokezi. Kisha akauliza, "Kitamulikwa wapi?"

"Kwenye halaiki. Watoto elfu moja na mia mbili watashika masinia ya bati yaliyosuguliwa yang'ae, yakipangwa yafanye sura ya Mwelekezi Mkuu. Yeye atamulika sura yake, na mwanga utaruka kutoka kwenye masinia uenee uwanja mzima. Wazo limetoka juu kabisa."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Mtoto wetu Tunu, wa darasa la tano, alikuwa kwenye halaiki ile. Alikuwa amefanya mazoezi mwezi mzima, na sinia letu la kulia wali lilikuwa limesuguliwa kwa majivu mpaka ungeweza kujitazama humo ukichana nywele.

"Ukiuongeza makali ukaupiga kwenye bati, Mheshimiwa, utawarudia watoto machoni," alisema Hemedi. "Jicho halina spea."

"Hilo ni suala la kitaalamu," alisema Bwana Mabruki. "Mimi nimeletwa kwa suala la kiutaratibu."

"Basi tufuate utaratibu," alisema Hemedi, akafungua daftari.

*

Jioni nilimwambia, "Baba Tunu, hawa watakufunga."

"Mwanao wamemweka wapi kwenye hiyo sura?"

"Kwenye jicho la kushoto."

"La nani?"

"La Mwelekezi Mkuu."

"Basi hilo jicho lina watu wawili wa kulilinda, yeye na mimi," akasema, akaendelea kula.

Huenda msomaji anauliza kwa nini hawakukichukua kile chombo wakampelekea fundi mwingine. Haikuwezekana. Kilikwisha kuandikwa kwenye kitabu cha Hemedi, jalada limefunguliwa. Jalada lililofunguliwa kwa fundi mmoja haliwezi kuhamishwa bila kufungwa, na halikuweza kufungwa bila sahihi kwenye daftari. Bwana Mabruki alinieleza hayo kwa uchungu, kama mtu anayesimulia ugonjwa wa kurithi. Na kununua kingine kwenye duka la simu kulikuwa kosa la jinai, kwa sababu Mwanga wa Taifa ni mmoja. Kila Jumatatu askari walikikopa kwa ajili ya mikutano, na kila Jumanne wakakirudisha kwenye mto wake.

Kwa hiyo serikali ikaanza kujaza fomu.

Barua ya kwanza ilitoka wizarani. Kwenye safu ya tatu ilisema: "Jicho la Wizara." Hemedi akairudisha, akiandika chini kwa penseli kwamba wizara haina jicho. Ya pili ilisema jicho lipo na litatangazwa zabuni ikikamilika. Ya tatu ilitoka kwa kamati ya watu kumi na mmoja, waliokubaliana kutoa jicho moja kwa zamu, kila mjumbe mwezi mmoja. Ya nne ilileta furaha kubwa, mpaka Bwana Mabruki alikuja nayo mwenyewe akikimbia.

"Tumepata! Waziri mstaafu wa Mifugo amejitolea jicho lake la kulia. Kwa hiari! Amesaini!"

Hemedi akaisoma. "Si ndiye huyu aliyepigwa na pembe ya ng'ombe kwenye maonyesho?"

"Ndiye."

"Jicho la kulia?"

Bwana Mabruki akakaa kwenye kigoda cha Athumani.

"Hilo alishalitoa, Mheshimiwa," alisema mume wangu taratibu.

Nikammiminia Bwana Mabruki chai. Alikunywa akiwa ameinamisha kichwa. "Fundi," alisema, "kwani wewe unataka nini hasa? Unataka cheo? Mimi ninaweza kukuombea cheo kidogo."

"Sitaki kitu. Nataka jina la mtu."

"Andika langu basi, tumalize."

Hemedi akamsogezea kalamu ya risasi. Bwana Mabruki akaishika. Akaandika Mabruki, akaandika "kuzimika", akafika safu ya tatu. Kalamu ikasimama. Nilimwona akifumba jicho la kushoto, akatazama kibanda kwa la kulia. Akafumba la kulia, akatazama kwa la kushoto. Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, akatazama kile kifuniko cha chuma ukutani. Ilikuwa kama hajawahi kutumia macho yake kwa kitu kingine isipokuwa fimbo na nukta, na sasa ndiyo kwanza anaona ni mazuri.

Alichukua raba akafuta jina lake, akapuliza vumbi la raba, akaenda zake.

*

Siku moja kabla ya Jubilei gari lenye mapazia lilisimama nyuma ya soko. Bi Sikitu alikuja mbio na mwiko mkononi.

"Mama Tunu! Gari lenye pazia! Shemeji leo ama amekuwa waziri ama amekuwa marehemu!"

"Nyamaza, Bi Sikitu."

"Akiwa waziri nikumbukeni. Akiwa marehemu maandazi ni juu yangu."

Walituchukua sote wawili, mimi kama shahidi wa daftari. Tuliketishwa kwenye ukumbi mkubwa wenye ramani pande zote. Mawaziri walikuwapo, wamejipanga kwa urefu. Nyuma ya pazia jekundu bendi ilikuwa tayari, maana bendi ya Ikulu haiendi likizo.

Mwelekezi Mkuu aliingia. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajamaliza sentensi kwa muda mrefu. Hakumtazama mume wangu. Alichukua Mwanga wa Taifa kutoka kwenye mto na kumulika daftari lililokuwa mapajani mwangu, kwa kuwa yeye huwa hashiki karatasi za watu. Nukta nyekundu ikatua kwenye safu ya tatu, ikatetemeka kidogo. Kimoyomoyo nikaanza kuhesabu, kwa mazoea, kama raia wote.

"Hiki ndicho kinachoizuia nchi?" aliuliza.

"Ndicho, Mtukufu," wakaitikia mawaziri.

"Fundi, unataka jicho?"

"Sitaki, Mheshimiwa. Nataka anayelitoa ajiandike."

Nilikuwa nimefika kumi na mbili.

"Mabruki. Andika: jicho la wananchi."

Bwana Mabruki akatoa kalamu. Ukumbi ukapumua. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilipumua. Niliona ni jibu zuri, na kwamba sasa tutarudi nyumbani. Kisha mawazoni nikamwona Tunu na sinia letu.

"Mheshimiwa," alisema mume wangu. Hakupandisha sauti. "Hilo si lako."

Ishirini na moja.

Sijui kama mmewahi kusikia ukumbi wa mawaziri ukinyamaza. Unasikia mpaka viatu vinavyobana. Mwelekezi Mkuu, kwa mara ya kwanza, alimtazama Hemedi. Uso ulijaa damu. Alifungua mdomo, akaufunga, akatafuta neno, na kwa mazoea ya maisha yake yote alianza mbali.

"Kabla sijasema nitakalokufanya," alisema, "ningependa kwanza niseme kwamba... Askari!"

Thelathini. Nukta ikazimika juu ya mapaja yangu.

Bwana Mabruki akaruka juu akapiga makofi.

Mawaziri wakapiga. Katibu akaacha kalamu akapiga. Askari wanne waliokuwa wamekwisha kumfikia mume wangu, mikono ikiwa imenyooshwa kumshika, waliitumia mikono hiyo hiyo kupiga makofi, wakiwa wamemzunguka, kama watu wanaompongeza bwana harusi. Pazia likatikisika, bendi ikaingia na wimbo wa taifa, beti zote tatu. Mwelekezi Mkuu alisimama mkono kifuani, mdomo ungali umekaa kwenye umbo la neno. Na wimbo ulipokwisha, hakuna aliyeruhusiwa kusema jambo lolote la kiserikali mpaka kesho.

Tulitoka. Mlangoni Bwana Mabruki alinirudishia daftari, nililolisahau kitini wakati wa wimbo, kwa mikono miwili. Nilimtazama nijue kama alifanya makusudi. Hakunitazama. Alikuwa akitazama viganja vyake.

Muhtasari wa kikao ulisomeka hivi: "Mwelekezi Mkuu alisema: Askari. Makofi." Wizara husika ilikaa kuutafsiri, ikaona kuwa ni pongezi, na askari wote nchini wakapewa siku moja ya mapumziko.

Kesho yake, Jubilei. Watoto elfu moja na mia mbili wakainua masinia, sura ya Mwelekezi Mkuu ikang'aa, na nukta dhaifu nyekundu ikatembea juu yake kama kunguni aliyepotea njia. "Ndugu wananchi wenzangu. Kabla sijasema kile nilichokuja kusema..." Saa tatu na dakika nne Tunu alikuwa anashuka ngazi za uwanja, sinia kichwani, analalamika njaa.

*

Hawakumfunga. Walikifunga kibanda, kwa kosa la kutokuwa na kizima moto. Hemedi alicheka siku hiyo mpaka akakohoa; alisema kwa kweli hilo ni kosa. Akahamishia kazi barazani kwetu, akatengeneza tochi na pasi kwa miaka sita, na kikohozi hakikumwacha. Mwezi wa Shaabani, baada ya sala ya alasiri, alikufa kifo cha kawaida, cha mtu aliyelala.

Msibani Bwana Mabruki alifika na salamu za serikali. Zilikuwa kurasa arobaini. Nilizipigia jicho juu ya mkono wake: zilianza na orodha ya ukaidi wa marehemu, kisha namna serikali ilivyovumilia, kisha namna ilivyomsamehe. Alikuwa amezeeka. Alisimama chini ya turubai, akatoa Mwanga wa Taifa, na kwa kuwa hapakuwa na ramani, alimulika jeneza.

"Ndugu waombolezaji," alisoma polepole, polepole mno, akipumzika kila baada ya neno. "Kabla. Sijasema. Kile. Nilichotumwa. Kusema..."

Nukta ikazimika.

Watu wakatazamana. Sheria ni sheria, lakini msiba ni msiba. Hakuna aliyepiga makofi. Ndipo Bi Sikitu akasimama na kanga zake mbili, uso umelowa machozi, akapiga makofi. Athumani akafuata, kwa mkono wake wa vidole vitatu, usiotoa sauti vizuri. Kisha turubai zima. Nami nikapiga. Bwana Mabruki akazikunja zile kurasa arobaini, hata mstari mmoja haujaisha, akazitia mfukoni, akasogea kushika jeneza pamoja na wengine. Hakuna mtu katika nchi yetu aliyezikwa na hotuba fupi kama ile.

Eda ilipokwisha nilitoa daftari. Lilikuwa na kurasa tupu tisini na tano, ukiacha mahali pamoja palipofutwa kwa raba. Nilifikiri, karatasi nzuri kama hii isipotee, nitaandika humo yote haya kabla sijayasahau. Jalada la gazeti lilikuwa limeoza kwa unyevu. Nililibandua nilibadilishe, na ukurasa wa kwanza ukaachia gundi.

Ulikuwa na mistari iliyopigwa bila rula. Mwandiko wa mume wangu wa ujanani, ule wa kubana, kabla sijamjua.

*Jina: Hemedi Shekalaghe. Kifuniko: cha mkanda, mashine ya kusaga. Kidole au jicho: vidole viwili, vya Athumani. Sahihi.*

Nilikaa nao mchana mzima. Kisha Tunu akarudi kutoka kazini, akanikuta nahangaika na sindano ya kushonea jalada jipya, akaichukua mkononi mwangu, akaunyoosha uzi na kuuingiza tunduni mara moja, bila hata kusogea dirishani.

Nimeandika kuanzia ukurasa wa pili, kama alivyoniambia.